Mabomba Yaliyoitwa Bunduki

Majengo, Meru

Mwanangu Idi,

Ni jambo la kuchekesha kumwandikia mtu barua huku sauti yake unaisikia dirishani. Uko hapo nje unawaaga wachinjaji, na Mzee Sudi anakuambia kwa mara ya tatu kwamba nyama ya Nairobi haina ladha. Mimi nimekaa jikoni na karatasi nimeilaza juu ya sinia. Nikimaliza nitaitia chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, ili usiione mpaka ufike huko shule ya ufundi na ulazimike kutandika kitanda.

Sitakuambia habari za kufua shati, wala kuswali kwa wakati, wala watu gani ukae nao na watu gani uwakimbie. Shangazi yako ameshakuambia hayo tangu juzi. Baba yako amekuambia leo asubuhi. Hata kinyozi amekuambia, na yeye mwenyewe hafanyi hata moja katika hayo. Ukiyasikia tena kutoka kwangu utafanya kinyume kwa sababu ya kuchoka tu. Mimi nataka kukuambia habari ya mabomba ya baba yako.

Najua utasema, hiyo naijua. Huijui. Wakati ule ulikuwa Isiolo kwa bibi yako, unasoma Kurani chuoni. Uliyoisikia ni ile ya kwa kinyozi, kwamba mzungu alifungua mlango akamkuta baba yako yuko kwenye mswala, na zile chuma zimeyeyuka zenyewe kama siagi. Hakuna chuma iliyoyeyuka, Idi. Nilikuwepo.

Nianze mbali kidogo. Unajua mimi nilizaliwa Kibugu, juu huko karibu na msitu, na jina langu lilikuwa Wanja. Wamisheni walinifundisha kusoma na kuandika, ndiyo maana barua hii naiandika kwa mkono wangu bila kumwomba mtu. Baba yako alikuja upande wetu kutengeneza milango ya duka. Akaniona, nikamwona. Mengine muulize shangazi yako, naye ataongeza chumvi yake. Nikaja mjini, nikaingia dini, nikaitwa Zena. Babu yako alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na mizigo ya watu kichwani akakataa kurudi, bibi yako Mkamba, mimi Mwembu. Nyumba ya namna hiyo kila mtu anaota kwa lugha yake, lakini wakitaka kugombana wanatumia Kiswahili ili wote waelewe.

Nilipoolewa nilidhani kazi ya seremala ni kupiga misumari. Baba yako alicheka. Akaniambia msumari unashika kwa muda tu, ila mbao zikiunganishwa sawasawa zinakuwa ubao mmoja. Unazipiga randa kingo zake mpaka ukizisimamisha pamoja mwanga haupiti katikati. Unapaka gundi ya moto, ile ya ngozi inayonuka. Halafu unazibana kwa nguvu, zikae hivyo zimebanwa mpaka kesho yake. Kazi yote iko hapo kwenye kubana. Na yeye alikuwa na jiriwa moja tu kwenye benchi, ya kubania vitu vidogo. Mlango au meza haiingii humo. Kwa hiyo alibana kwa kamba na kijiti cha kusokotea, akaweka na mawe juu. Mawe yakikosekana, alinikalisha mimi. Nimekalia mbao, Idi, na mimba yako tumboni, nikimenya viazi hapo hapo juu, na kila nikitaka kuinuka ananiambia, "Bado, Zena, bado kidogo." Kabati la mwalimu wenu wa chuo limeshikana kwa uzito wetu mimi na wewe.

Ndipo akaanza kutengeneza klampu zake. Alipata mabomba ya maji ya zamani, yale ya chuma. Mzee Sudi, ambaye lori lake limekufa na kufufuka mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, akampa skurubu za jeki mbovu. Fundi wa chuma pale sokoni akamtobolea matundu. Unajua zilivyo, umezishika tangu zamani, lakini hebu zione kama mtu ambaye hajapata kuziona. Bomba refu la kufika kifuani. Upande mmoja skurubu nene yenye mkono wa kuzungushia. Matundu yamejipanga mgongoni. Halafu kuna taya mbili za chuma, moja inakaa mbele ya skurubu, nyingine inateleza kwenye bomba na kuzuiwa na pini inayopita kwenye tundu. Mbao zinalala kati ya hizo taya, unazungusha mkono, zinabanana. Ukizitoa taya ukaziweka kando, unabaki na nini? Bomba, matundu, na kitu kama komeo upande wa nyuma. Liweke hilo akilini.

Alitengeneza sita. Akazipaka mafuta. Zamani alikuwa akiingia ndani anauliza chakula. Sasa akawa anaingia anauliza nani amegusa klampu zangu.

Na mimi nilizigusa. Mzee Sudi alikuwa anamwoza binti yake, akataka meza kubwa ya kuandalia wazee. Baba yako alipaka gundi, akazifunga klampu kidogo tu, akasikia adhana akaenda. Mimi nikaona hajakaza vizuri. Nikaikamata ile mikono, nikakaza moja moja kwa mikono miwili, na mwisho nikaweka mguu ukutani nikavuta. Gundi ikamwagika nje kama uji uliochemka. Nikaipangusa vizuri, nikafurahi kwamba nimemsaidia mume wangu. Siku ya harusi, sinia ya pilau ya wazee ikawekwa katikati ya meza. Watu wakasema bismillahi. Meza ikafunguka katikati kama mlango, pilau yote ikaingia kwenye mapaja ya babake bwana harusi.

Baba yako hakunigombeza. Alikaa usiku na zile mbao akiziangalia, halafu akaniita. "Nani alikaza?" Nikamwambia. Akasema, "Umeikamua gundi yote ikatoka nje. Sasa ulitaka mbao zishikwe na nini?" Kesho yake akanisimamisha kwenye benchi akanionyesha. Unakaza mpaka gundi itokeze kidogo kidogo kwenye mstari wote, vitone vidogo, kama jasho juu ya pua ya mtoto. Hapo unaacha. Ilinichukua muda mrefu sana kujifunza kuacha, maana mkono wangu uliamini kuwa kukaza zaidi ni kupenda kazi zaidi. Na usidhani nakupigia mafumbo hapa. Nasema habari ya meza.

Basi ikaja hali ya hatari, serikali ikipigana na watu wa msituni. Wewe ulipelekwa Isiolo kwa sababu hiyo. Mjini kukawa na kafyu, pasi ya kwenda huku, pasi ya kwenda kule, homgadi, wale walinzi Waafrika wa serikali, wamesimama kila njia panda. Kwetu Kibugu watu walivunjiwa nyumba zao wakakusanywa kijiji kimoja, kimezungushiwa handaki na vijiti vyenye ncha. Na watu wa msituni walikuwa wakijitengenezea bunduki. Kila mtu alijua walivyozitengeneza. Bomba la maji, komeo la mlango, mpira wa tairi.

Umeshaona tunakokwenda.

Walikuja asubuhi, tunakunywa chai. Mkubwa wa homgadi mbele, bwana mdogo mmoja wa kizungu nyuma yake, kijana tu, shingo imebabuka jua, na askari kadhaa. Walikuwa wanapekua nyumba zote za mtaa, si yetu tu. Wakainua godoro letu. Chini ya kitanda klampu sita, zimelala kwa usafi kabisa, zimepakwa mafuta, zimefunikwa gunia. Baba yako alizilaza hapo kwa sababu kibanda cha kazi kilikuwa kimevunjwa na wezi mwezi uliotangulia. Taya zilikuwa nje, ndani ya kapu la makaa, maana wezi hawaibi makaa ya seremala.

Yule bwana mdogo aliinua moja akaitazama. Akatia kidole kwenye tundu la bomba. Akauliza polepole, "Hii bunduki ngapi?"

Na baba yako akacheka.

Si kicheko cha dharau. Unamjua baba yako, kitu kikimshangaza anacheka, hata kwenye matanga nimepata kumfinya. Lakini kijana yule hakumjua. Uso wote ukawa na rangi ya ile shingo. Mkubwa wa homgadi akasema, "Bwana, na huyu mama ni mtu wa Embu. Wa kule kule msituni." Basi ikaisha. Nilipoanza kueleza habari ya gundi na mbao nilikuwa naeleza migongo ya watu. Walimtia pingu wakampeleka kambini, upande wa Ruiri, pamoja na mabomba yake.

Nilifanya alivyofanya kila mke wakati ule. Nilikwenda kwa chifu, akaniambia ningoje. Nilikwenda kwa wazee wa msikiti, wakanisomea dua, wakaniambia ningoje. Nilikwenda kwa karani mmoja tuliyempa viti, akanitazama kama aliyesahau kwamba amekalia kiti. Nikarudi nyumbani, nikakaa kibandani katikati ya mbao, nikalia vizuri sana, kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniona.

Aliyeniona ni Mzee Sudi. Alisimama mlangoni na aproni yake ya damu. Akangoja nimalize. Halafu akasema, "Mama Idi, pole. Lakini sasa, na ile meza?"

"Meza gani tena, Mzee?"

"Ile ya kambi. Mimi ndiye niliyeleta oda, umesahau? Meza ndefu ya kulia chakula wazungu. Kila nikipeleka nyama yule bwana mkubwa ananiuliza, Sudi, meza yangu wapi? Nimwambie nini?"

Nikaangalia zile mbao nilizokuwa nazililia. Mbao za muuru, nzuri, zimeshapigwa randa, zinangoja gundi. Ndizo zilizokuwa meza hiyo. Nikaanza kucheka, Idi, kicheko cha baba yako kabisa. Mzee Sudi akarudi nyuma hatua moja akidhani nimeingiwa na kitu.

Nikamwambia, "Mzee, keshokutwa unapeleka nyama?"

"Napeleka."

"Nipe nafasi ya mimi na mbao mbili na kapu moja."

"Kapu la nini?"

"La taya."

Akasema, "Mimi sikuulizi zaidi. Wewe panda tu."

Kulikuwa na jambo la pasi, maana mtu aliyezaliwa Embu hakuruhusiwa kutoka mjini hivi hivi. Tulikwenda ofisini wote wawili. Karani akauliza sababu ya safari. Mzee Sudi akajibu, "Ni kazi ya meza ya bwana mkubwa wa kambi. Imechelewa. Bwana amekasirika sana." Yule karani akanitazama, akatazama muhuri wake. Nadhani aliona mzungu mwenye hasira anakuja kumuuliza nani amechelewesha meza. Akagonga muhuri.

Mzee Sudi alitaka tulifiche kapu chini ya nyama. Nikakataa. Nikamwambia chuma zimeshatuponza mara moja kwa kulala mahali pasipo pa chuma. Nikalipakata, wazi, kila mtu alione. Kila kizuizi askari alichungulia, akauliza hizi nini, nikamjibu taya za kubania mbao, akacheka, tukapita.

Kambi ilikuwa mahali peupe penye upepo unaoshuka mlimani. Bwana mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye masharubu mekundu. Akatoka kwenye hema na leso shingoni, kumbe alikuwa mezani, na meza yenyewe nikaiona kwa mbali, masanduku ya risasi yaliyopangwa.

"Sudi! Meza wapi?"

Mzee Sudi akanisukuma mbele kwa kiwiko. Nikasema, "Bwana, meza ni mbao hizi. Kitu cha kuziunganisha kiko kwako. Umekifunga."

"Kitu gani?"

"Yale mabomba. Na mwenye mabomba."

Mzee Sudi akaanza kuhesabu miguu ya mbuzi. Yule bwana mdogo aliyekuja nyumbani alitokea, wakasemezana Kiingereza kwa haraka, na mabomba yakaletwa, yamefungwa pamoja kwa kamba na kuandikwa kikaratasi. Nikatia mkono kapuni nitoe taya. Nikasikia askari nyuma yangu ameivuta bunduki yake, kle-kle. Sikuwa nimewaza hilo. Mkono wangu ukabaki ndani ya kapu, sijui niutoe au niuache.

"Polepole, mama," askari akasema. Alikuwa sajini wao, Mkamba mkubwa anayeitwa Mutiso. "Toa moja moja."

Nikatoa moja moja. Nikazivalisha. Nikalaza mbao zangu chini, nikafungua kopo la gundi niliyokuja nayo nimeipasha kwenye moto wa mlinzi wa lango. Nikapaka, nikafunga klampu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukangoja kidogo. Yule bwana mdogo akainama, akafungua klampu zangu mwenyewe, akainua mbao kwa ncha.

Zikaachana. Zikaanguka kila moja upande wake, pa, pa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kijana yule akanitazama, hata hakuwa na ubaya usoni, akasema, "Unaona." Niliwaza, basi, nimemmaliza mume wangu kwa mikono yangu, nimekuja mwenyewe na taya kapuni kuwaonyesha kwamba hizi si klampu.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Bwana, mimi ni mke wa fundi. Niitie fundi."

Bwana mkubwa akapungia mkono. Wakamleta. Amekonda, ndevu zimemjaa, pingu mikononi. Nilimtazama yeye. Yeye alitazama mbao. Aliziinamia zilipolala, akagusa kwa mgongo wa kidole, akasema kama tuko nyumbani, "Mbao ni baridi, Mama Idi. Na huu upepo. Gundi imekufa kabla haijashika. Na huachi ikae? Mtu hufungua klampu mbao hazijalala?"

"Si mimi niliyefungua," nikasema. "Ni huyu."

Akamgeukia yule bwana mdogo na pingu zake, akamwambia kwa upole kabisa, "Bwana, hiyo mpaka kesho."

Hapo mpishi wa kambi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mzee wa Kimeru, amesimama na mwiko muda wote huo akitazama. Akapiga kelele, "Leteni hapa basi, moto si upo!" Tukazipeleka mbao kwenye jiko lake, tukazipasha mpaka zikawa na joto la mkono wa mtu. Gundi tukaichemsha ndani ya sufuria yake, naye akilalamika kwamba supu ya wazungu sasa itanuka kwato. Tukapaka tena, tukafunga, sasa pale pale jikoni, nyuma ya ukuta, upepo hautufikii. Mikono ya baba yako ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mimi nilizungusha na yeye alitazama gundi. Nilitaka kukaza. Wallahi nilitaka kukaza mpaka bomba lipinde.

"Basi," akasema.

"Bado kidogo."

"Basi, Zena."

Nikaacha. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii, kuiondoa pale.

Tulilazimika kurudi kabla ya kafyu, kwa hiyo niliwaacha pale, yeye na mbao. Mzee Sudi alipopeleka tena nyama nilikuwa nimeshakaa kwenye lori kabla hajawasha. Walikuwa wameshafungua klampu. Ubao ulikuwa umeshikana, lakini yule bwana mdogo alitaka kuujaribu. Wakaulaza juu ya mawe mawili, mstari wa gundi katikati. Sajini Mutiso akaambiwa apande. Akapanda. Ubao haukulia. Akaambiwa aruke. Akatutazama kwa huruma, akaruka na buti zake. Ubao ukalia kama risasi, ukavunjika, na mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua, yule kijana alikuwa amepiga magoti anapitisha kidole. Mbao ilikuwa imepasuka pembeni, kwenye nyama yake yenyewe. Pale penye gundi palikuwa pazima. Akasema maneno kwa Kiingereza, na sajini Mutiso akatueleza, "Bwana anasema hata kwao baba yake anayo kitu kama hii, kwenye banda. Lakini ile ni ya kununua. Hakujua mtu anaweza kutengeneza na bomba." Halafu yule kijana akatoa ufunguo mfukoni akamfungua baba yako mwenyewe, bila kumwagiza askari. Hakusema samahani. Lakini alimfungua kwa taratibu, akiangalia pingu zisimchune mkono.

Ndipo bwana mkubwa akaja mbio na masharubu yake. "Nani amevunja mbao ya meza yangu?"

Kwa hiyo hakurudi nami siku hiyo. Ilibidi akae atafute mbao nyingine na kuimaliza meza, na meza ilipokwisha wakataka mabenchi, na mabenchi yalipokwisha yule mpishi akataka rafu. Alilala kwenye banda la vyombo badala ya kule ndani. Kila nyama ikienda nilimpelekea nyeni, zile mboga za majani za kwetu, na ugali, na yeye ananipa habari za mbao. Mwisho akaja, amekaa nyuma ya lori la Mzee Sudi juu ya ngozi za mbuzi, na klampu tano. Ya sita walikuwa wameikata kwa msumeno siku za mwanzo, kutazama kama ndani mna njia ya risasi. Akatengeneza mbili fupi kutokana nayo.

Sasa nikuambie kwa nini sipendi inavyosimuliwa kwa kinyozi. Pale wanasema ukweli ulishinda, au dua, au ujanja wa mama Idi. Walikuwemo watu wengine ndani ya ile kambi. Nao walikuwa na ukweli, na wake zao walikuwa na dua. Hawakuwa na meza ambayo mzungu anaingoja. Mjomba wako, ndugu yangu wa Kibugu, alichukuliwa mwaka huo huo na mpaka leo hatujui alipolazwa. Alikuwa mtu mwerevu kuliko mimi mara kumi. Baba yako anacheka kila kitu, lakini mtazame mtu akimuuliza habari za wale aliolala nao mwanzo mwanzo. Huwa anachukua randa. Kwa hiyo ukiisimulia huko, na utaisimulia kwa sababu unapenda watu wacheke, wachekeshe kwa pilau na kwa masharubu. Usiwaambie tuliokoka kwa kuwa tulikuwa bora.

Na lingine. Kwa miaka mingi nilimkasirikia yule kijana mwenye shingo nyekundu, na nilikuwa na haki. Bado ninayo. Lakini siku moja nikiwa napanga zile klampu niliona mabomba yenyewe bila taya, na kwa kweli, Idi, yanafanana na bunduki. Sikumsamehe kwa hilo. Ila tangu hapo nikiona kitu nikakijua mara moja, najilazimisha kuuliza taya zake ziko wapi. Hasa nikiwa na hasira na shangazi yako.

Kilichofuata unakijua, maana ulirudi. Yule mkubwa wa homgadi alikuja mwenyewe kuagiza mlango, akasema kwa aibu aibu, "Lakini unibanie na zile bunduki." Baba yako akacheka mpaka akakaa chini, na safari hii mtu hakukasirika.

Ambalo hujui ni hili. Wakati baba yako yupo kambini oda hazikukoma, na watoto wa watu walikuwa wanangoja vitanda. Nikavitengeneza. Vya kwanza viliyumba. Vya baadaye havikuyumba. Baba yako aliporudi alipita kibandani kabla ya kuingia nyumbani. Akakuta kabati nimelibana kwa kamba na kijiti, akainama akatazama mstari wa gundi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi nimesimama pale kama mwanafunzi. Akasogeza vyombo vyake vyote upande mmoja wa benchi, akaacha upande wa pili mtupu, akaingia ndani kuoga. Tangu siku hiyo upande ule ni wangu.

Na kwa kuwa yeye ndiye anayetoka kwenda kuweka milango ya watu, wewe ulikua upande wangu. Randa yako ya kwanza niliishika pamoja nawe.

Huko uendako kuna mashine, na klampu za kiwandani zinazong'aa, na walimu wenye vyeti. Wasikilize, wanajua mengi nisiyoyajua. Siku ya kwanza watawauliza kila mmoja nani alimfundisha kushika chombo. Wenzako watataja baba zao, na wajomba zao, na mafundi wakubwa wa mijini kwao. Zamu yako ikifika simama wima, useme kwa sauti ya kusikika, "Mama yangu."

Mimi mama yako,
Zena wa Rajabu, seremala